Siwezi tena kuamka saa tisa usiku kuomba. Je, nimerudi nyuma?

"Shalom mtumishi. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34. Naishi Chanika, nafanya kazi duka la dawa Kariakoo. Mume wangu ni dereva wa lori, yuko njiani karibu mwezi mzima. Natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, watoto nawaacha na mdogo wangu, narudi saa mbili usiku. Nikimaliza ya watoto na kupitia simu kidogo, nalala saa tano na nusu. Jumapili niko kanisani tangu saa moja asubuhi hadi saa tisa kwa sababu ya kwaya. Tangu Januari nimejiunga na kikundi cha maombi, tunaamka saa tisa usiku hadi saa kumi, tunaomba kwa simu. Kiongozi anasema asiyekesha hawezi kushinda vita vya familia yake. Wiki za kwanza nilifurahi sana. Sasa nasinzia nikiwa nimepiga magoti, na juzi nilikaribia kumpa mteja dawa ya mwenzake. Mwezi wa pili nilifunga kavu siku tatu, nina vidonda vya tumbo, nikaanguka kituoni. Mpango wa kusoma Biblia nzima kwa mwaka ulikufia Walawi. Kinachobaki ni kuomba kwenye daladala, lakini wenzangu wanasema maombi ya njiani hayana nguvu. Moyoni nimekuwa mkavu, sisikii kitu. Je, nimerudi nyuma? Nianzie wapi?"

Dada yangu, nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya tatu nilisimama pale kwenye dawa ya mteja. Nitaanzia hapo, maana naona wewe umeipita haraka kana kwamba ni jambo dogo kuliko kusinzia kwenye maombi.

Ukilala saa tano na nusu na kuamka saa tisa, umepata saa tatu na nusu za usingizi. Hata ukijiiba saa moja baada ya maombi, ni nne na nusu. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Hili si suala la imani ndogo. Ndivyo mwili ulivyoumbwa, na Aliyeuumba anajua alichokifanya. Ubongo uliokosa usingizi kwa miezi husoma lebo moja ukaona nyingine. Yule mteja aliyesimama mbele ya kaunta yako ndiye jirani ambaye Bwana alikuagiza umpende. Mkesha unaomweka jirani hatarini mchana umeshapoteza kazi yake, hata kama uliombwa kwa machozi.

Watu hunijibu, "Lakini Yesu aliamka alfajiri." Kweli, Marko 1:35 iko wazi. Ila tusome na sura ya nne ya kitabu hichohicho, ambako Yesu huyo amelala usingizi mzito kwenye mto wa kulalia, nyuma ya chombo, katikati ya dhoruba. Wanafunzi wakamwamsha kwa lawama. Injili ile imehifadhi vyote viwili, kuamka kwake na kulala kwake. Sijawahi kualikwa kwenye semina ya kufundisha sura ya nne.

Tena hao watu wa zamani tunaowasifia kwa kukesha walikuwa na hesabu. Benedikto, aliyeandika kanuni ya watawa katika karne ya 6, aliwataka wenzake wasali usiku. Lakini alieleza kwamba majira ya baridi waamke baada ya kulala zaidi kidogo ya nusu ya usiku, chakula kikiwa kimeshasagika tumboni. Na hao hawakuwa na daladala wala taa ya umeme. Jua likizama siku ilikuwa imekwisha. Ukichukua saa yao ya kuamka bila kuchukua saa yao ya kulala, umechukua nusu ya nidhamu.

Utawasikia pia wahubiri wakitaja maombi ya miaka mia moja ya Wamoravian. Habari hiyo ni ya kweli, ila inasimuliwa ikiwa imekatwa. Agosti 1727, pale Herrnhut, Ujerumani, wanaume 24 na wanawake 24 waliagana kuigawana siku, kila mmoja na saa yake, ili maombi yasikatike. Hakuna hata mmoja wao aliyekesha miaka mia. Walipokezana zamu, na mwenye saa ya mchana hakuitwa mvivu na mwenye saa ya usiku. Ndiyo Kanisa lililofika Rungwe mwaka 1891, kwa hiyo sikuletei habari za watu wa mbali. Kikundi chako kingefanya kama wao, wewe ungepewa saa ya kwenye daladala na usingedaiwa kitu.

Sasa niseme ninachoamini ndicho kiini cha shida yako, na hapo nitakaa kidogo.

Nilizaliwa mlimani, Kilimanjaro. Kwetu kuna mifongo, ile mifereji waliyochimba wazee kuyashusha maji ya mto hadi mashambani. Nilipokuwa mtoto tulipelekwa na majembe kuuzibua mfongo wa ukoo: kutoa majani, mawe na tope. Hakuna mzee aliyewahi kusimama na jembe lake akasema, "Mimi nimeyaleta maji." Maji yanatoka juu, kwenye msitu na mvua. Jembe lilifanya jambo moja tu: lilihakikisha kwamba maji yakija yatakuta njia. Na mfongo haukupimwa kwa jasho la wachimbaji. Ulipimwa kwa kutazama migomba kule chini.

Kusoma Neno, kuomba, kufunga, kunyamaza, kupumzika, kuungama, kutoa: hayo yote ni kazi za jembe. Hayamshawishi Mungu akupende zaidi wala hayamlipi chochote. Paulo alipomwambia Timotheo ajizoeze kupata utauwa, alitumia neno la Kigiriki la mazoezi ya viwanjani. Mkimbiaji hakimbii kila asubuhi ili kocha ampende. Anakimbia ili siku ya mbio mwili wake uweze jambo ambalo kwa kuamua tu siku hiyohiyo usingeliweza. Nidhamu ya kiroho hufanya kazi kwa kuzunguka namna hiyo. Huwezi kuamua tu, mteja anapokutukana, kuwa mpole. Lakini unaweza kila siku kukaa dakika chache na zaburi, na baada ya miezi ukashangaa kuona jibu lako limekuwa laini kabla hujalipanga.

Kosa kubwa katika mafundisho ya vita vya usiku, kwa maoni yangu, ni kulifanya jembe liwe maji. Mtu anahesabu saa alizokesha na siku alizofunga, na anayepungukiwa anaambiwa familia yake itashambuliwa. Hapo nidhamu imegeuka kuwa malipo ya kinga. Simfahamu kiongozi wako, na huenda anawapenda kwa dhati. Ila pima tunda. Tangu Januari, wanao wamempata mama mtulivu zaidi au mkali zaidi? Wewe mwenyewe unalijua jibu.

Kufunga nitakuambia bila kuzunguka: usifunge kavu tena. Wewe unauza dawa, unajua kuliko mimi kwamba vidonda vingi vya tumbo huletwa na bakteria wale wa Helicobacter pylori au matumizi ya muda mrefu ya baadhi ya dawa za maumivu, na kwamba vinatibika. Mfungo hautibu kidonda. Siku tatu bila chakula wala maji zimo katika kitabu cha Esta, ndiyo, lakini pale taifa zima lilikuwa limehukumiwa kuuawa. Haikuwa ratiba ya kila mwezi. Danieli, katika sura ya 10, aliomboleza wiki tatu kwa kuacha nyama, divai na chakula kitamu, akaendelea kula vya kawaida. Huo nao ni mfungo, na uko kwenye Biblia ileile. Wakristo wa mwanzo, kwa ushahidi wa andiko la kale liitwalo Didake, walifunga Jumatano na Ijumaa. Tena andiko hilohilo linawaagiza wasali Baba Yetu mara tatu kwa siku. Sala ya nusu dakika, mara tatu. Hawakuona aibu kwa ufupi wake.

Kwako ningependekeza ufunge kitu ambacho tumbo lako halitalipa. Na hapa, dada, nitakugusa panapouma. Umeandika "kupitia simu kidogo." Nimewalea wengi, na sijawahi kuona "kidogo" ya usiku iliyo chini ya dakika arobaini. Funga simu. Ikifika saa nne usiku iache ichaji jikoni, nawe uende chumbani bila hiyo. Ukihitaji kengele ya kukuamsha, saa ndogo ya mezani utaipata hapohapo Kariakoo. Mumeo akiwa safarini, kubalianeni muda wa kuongea kabla ya hapo, na mwachie namba ya mdogo wako kwa dharura. Nakuonya kwamba wiki ya kwanza utaumia kuliko ulivyoumia kwa njaa, na hapo ndipo utakapojua ulichokuwa umekishikilia.

Tuje kwenye daladala. Waliokuambia maombi ya njiani hayana nguvu wamsome Nehemia, sura ya 2: yuko kazini, mfalme amemuuliza swali, na kabla ya kujibu anamwomba Mungu wa mbinguni. Ombi hilo lilichukua pumzi moja. Mahali si tatizo. Lakini sitakudanganya kwamba daladala linatosha kwa kila kitu. Kuna konda, kuna redio, kuna anayekukanyaga. Watu hupenda kumtaja Ndugu Lawrence, mtawa wa Paris wa karne ya 17 aliyekuwa mpishi, kwamba alikaa na Mungu katikati ya sufuria kama aliye kanisani. Wanaacha kutaja mambo mawili: kazi ya jikoni mwanzoni hakuipenda, na alikiri kwamba miaka kama kumi ya kwanza ilimtaabisha sana. Tena alikuwa na kengele ya monasteri inayomwita kwenye sala pamoja na wenzake. Kuomba katikati ya kazi ni tunda linalokomaa polepole, na linahitaji mahali fulani pa kimya pa kulilisha, hata pawe padogo.

Kwa hiyo ningegawa hivi. Asubuhi kwenye daladala usijaribu kuomba saa nzima wala kumaliza sura nne. Chukua zaburi moja, ikae nawe wiki nzima. Watawa wa zamani waliita kutafakari kwa neno la mifugo: kucheua. Ng'ombe hali jani jipya kila dakika. Anakula, anatulia, analirudisha, analitafuna tena. Mtawa mmoja wa Kikartusi wa karne ya 12, Guigo wa Pili, aliupanga utaratibu huu kama ngazi: kusoma, kutafakari, kuomba, kisha kutulia tu mbele za Mungu. Ngazi ya mwisho huenda usiifikie kila siku, na si juu yako kuilazimisha. Soma zaburi ukiwa kituoni, funga macho, chagua mstari mmoja uliokushika, ucheue hadi mwisho wa safari. Ukisinzia, sinzia. Nasema kweli. Eliya alipotaka kufa chini ya mretemu, malaika hakumpa mahubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akampa tena. Safari ya Horebu ilikuja baadaye.

Ningekuanzishia Zaburi ya 131. Ina mistari mitatu tu, na mwandishi wake anasema ameituliza nafsi yake kama mtoto aliyeachishwa ziwa akiwa kwa mama yake. Wewe umelea wawili, unajua tofauti. Mtoto anayenyonya akiwekwa kifuani hatulii, anatafuta maziwa. Aliyeachishwa anakuja kifuani bila kutafuta kitu. Amemfuata mama mwenyewe. Shika picha hiyo, nitairudia kwenye ukavu.

Usiku, dakika kumi na watoto, au saba. Waulize: leo umefurahia nini? Nini kimekuuma? Kuna mtu wa kumwomba msamaha? Nawe ujibu maswali yako mbele yao, ukiwemo msamaha wa kuwafokea. Kisha Baba Yetu, kisha kulala. Unaweza kuliona dogo, lakini Ignatius wa Loyola, katika karne ya 16, alilifanya pitio la siku kuwa nguzo ya malezi ya Wajesuiti, shirika lake la watawa. Wewe utakuwa umelifanya kitandani na mtoto amekuwekea miguu tumboni.

Na Walawi? Iruke. Soma Injili ya Marko, sura 16, taratibu. Walawi itakusubiri, imesubiri watu wengi.

Jumapili yako inanisumbua zaidi ya ulivyodhani ulipoitaja. Siku sita Kariakoo, ya saba kwaya saa nane mfululizo. Sabato ilifanywa kwa ajili ya mwanadamu, asema Bwana, na wewe huna hata nusu siku. Siwezi kukuamulia uache kwaya, maana huenda ndiyo furaha pekee uliyobaki nayo. Lakini jiulize kati ya kwaya na kikundi cha usiku kipi kinakurudishia nguvu na kipi kinazimaliza, kisha punguza kimoja kwa miezi mitatu. Ukitaka kubaki na kikundi, omba zamu moja: usiku wa kuamkia Jumapili, mara moja au mbili kwa mwezi, ukiwa umelala mapema. Mkesha wa namna hiyo, unaoungojea, ni kitu kizuri sana, na sitaki utoke kwenye barua hii ukidhani naudharau.

Sasa ukavu. Umeuliza kama umerudi nyuma. Ukavu una vyanzo vingi na hauna dawa moja. Wakati mwingine ni dhambi iliyofichwa. Kama kuna kitu unakijua, kipeleke kwa mchungaji au rafiki mmoja mkomavu ukiseme kwa kinywa. Watu wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukasambaa Uganda, Kenya na kwetu, waliita hivyo kutembea nuruni. Waliungama wao kwa wao mambo madogo madogo, hata chuki ya jirani na deni la duka, na ndipo furaha yao ilipotokea. Wakati mwingine ukavu ni uchovu tu. Kwa hesabu ya usingizi wako, naweka shaka yangu kubwa hapo. Na wakati mwingine Mungu anaiachisha nafsi ziwa: anaondoa utamu ili tumfuate yeye mwenyewe. Barua za Mama Teresa wa Kalkuta zilizochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba aliishi miongo mingi bila kuuhisi uwepo wa Mungu, huku akiinama kila siku kwa wanaokufa. Kutosikia kitu na kurudi nyuma ni vitu viwili. Aliyerudi nyuma kwa kawaida haandiki barua kama yako.

Lakini kuna chanzo cha nne, na kanisa letu halipendi kukitaja: sonona. Kama kwa wiki mbili au zaidi huzuni haikuachii karibu kila siku, au hakuna kinachokufurahisha, hata watoto, na juu yake chakula hakipiti, usingizi hauji hata ukipata nafasi, au unajiona huna thamani, huo ni ugonjwa, na una matibabu katika hospitali za serikali, ikiwemo Muhimbili. Ukianza kuwaza kwamba ni bora usiwepo, usingoje ibada ya Jumapili. Mwambie mdogo wako, muende hospitali siku hiyohiyo. Mwombewe pia, njiani.

Utahitaji mtu wa kukutana naye uso kwa uso, maana barua haioni macho yako. Tafuta mama mmoja usharikani aliyekuzidi umri, asiyeogopa kukaa kimya, mkutane mara moja kwa mwezi. Mpe barua hii aisome kama unaona haya kuanza mazungumzo.

Kiongozi wa kikundi mpigie mchana, usimwandikie ujumbe saa tisa usiku. Mwambie: "Dada, nawapenda, ila kazini nilikaribia kukosea dawa ya mtu. Nipeni zamu ya asubuhi, saa kumi na mbili, nikiwa njiani." Akikubali, umepata ndugu. Akikutishia kwamba utapatwa na mabaya, ondoka kikundini bila mabishano, na umweleze mchungaji wako sababu.

Kuanguka kituoni hakujaisha kwa sababu tu uliinuka. Nenda kapimwe tumbo na wingi wa damu wiki hii, kabla ya zaburi na kabla ya mambo yote niliyoandika, na ukiona choo cheusi kama lami au ukitapika damu, nenda usiku uleule.